Kilo za Ndoa: Kutoka Karagwe hadi Malakisi

Msichana wa Malakisi akirudi kusalimia kwao miezi michache baada ya kuolewa, kitu cha kwanza kuangaliwa ni mashavu. Yakiwa yamejaa, mama anashusha pumzi: ndoa imemkubali. Yakiwa yamebonyea, maswali yanaanza. Huko anakula? Anapigwa? Mkwe wake ni mtu wa aina gani? Miaka kumi na watoto watatu baadaye, mashavu yale yale yanageuka kuwa kesi. "Siku hizi umejiachilia," mzee anamwambia, na akitoka jioni hasemi anaenda wapi.

Kwa hivyo mwanamke huyo mmoja anasifiwa kwa kunenepa na kuachwa kwa kunenepa. Watu husema ni mambo ya kisasa, ati ni TikTok imeharibu wanaume. Lakini hii hesabu ya kilo katika ndoa ni ya zamani sana.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwenye makao ya mfalme Rumanika. Huko alikuta wake wa wakubwa walionenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama ikawa kazi. Alitoa kamba akampima shemeji mmoja wa mfalme: mkono wa juu ulikuwa na mzunguko wa karibu sentimita 58, na kifua kama sentimita 132. Kando yao aliketi binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16 hivi, akinyonya maziwa kwenye chungu huku baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa. Mambo haya yote Speke aliyaandika katika kitabu chake kilichotoka 1863.

Siku hizi kisa hiki kinapenda kuzungushwa mtandaoni kama ushahidi kwamba Waafrika wa zamani waliwapenda wanawake wanene. Angalia tena ile fimbo. Mwanamume mmoja ana fimbo, mwingine ana kamba ya kupimia, na msichana hana usemi. Unene wake ulikuwa tangazo la ng'ombe wa baba leo na wa mume kesho. Ni mwenye mifugo mingi tu angeweza kumlisha mtu maziwa kutwa nzima bila kumtuma shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipopita Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe, utajiri ulioshikilia urembo wa namna hiyo ulitikiswa pia.

Malakisi ilikuwa na hesabu yake. Wabukusu ni wafugaji, ndiyo, na ng'ombe ndio waliotolewa mahari, lakini pia ni wakulima. Mke alingojewa na wimbi na mtama, halafu mahindi. Wakati wa ukoloni ikaja pamba na kiwanda cha kuichambua pale mjini, na kuanzia miaka ya 1970 ikaja tumbaku. Mwili uliotakiwa ulikuwa wenye nguvu ya kupalilia na kubeba kuni za kukaushia majani. Mizani ilikuwa kitu cha mazao. Na hapa kuna jambo ambalo historia ya ndoa haliwezi kuliruka: katika kilimo cha tumbaku nchini Kenya, mkataba mara nyingi uliandikwa jina la mwanamume, ilhali jasho kubwa lilikuwa la mke na watoto. Miaka hiyo hiyo kiwanda cha karatasi kilianza Webuye na cha sukari Nzoia. Mshahara ukaleta kitambi. Kitambi cha mwanamume kikasomwa kama cheo, ishara kwamba anakula vizuri na ana mambo yake. Hakuna aliyemwambia amejiachilia.

Kisha ikaja Silimu.

Ndivyo Waganda walivyoita Ukimwi, kutoka neno la Kiingereza la kukonda, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo katika jarida la Lancet baada ya kuuchunguza Rakai. Malakisi iko karibu na mpaka wa Lwakhakha, na watu wa pande zote mbili wanaoana, wanazikana na kuuziana mahindi. Habari hazihitaji pasipoti. Kenya yenyewe iligundua mgonjwa wake wa kwanza 1984, lakini Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 15 baadaye. Katika pengo hilo, kabla ya vipimo na dawa kufika kwa wengi, watu walipimana kwa macho. Kukonda kukawa hukumu. Mke aliyepungua kwa malaria, kwa njaa au kwa mawazo tu alinong'onezwa kisimani, na mjane mwembamba alikuwa na kazi ya kujieleza. Kunenepa nako kukawa cheti cha afya kisichotoka hospitalini. Kizazi cha mama zetu kiliolewa ndani ya hofu hiyo. Ukishangaa kwa nini mathe anakuongezea ugali kila ukienda nyumbani, na kwa nini "umekonda" bado linasemwa kwa sauti ya chini, anza hapo.

Dawa zilipoenea, hofu ikapungua, lakini kilo ziliendelea kupanda. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulionyesha kuwa mwanamke 1 kati ya 4 wa Kenya alikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2014 ulisema 1 kati ya 3. Sababu si uvivu. Boda boda imechukua nafasi ya miguu, mafuta ya kupikia na sukari vimejaa dukani, na kila mimba huacha kitu. Tena kuna sindano ya kupanga uzazi, njia iliyoongoza kwa wake wa Kenya mwaka 2014, ambayo kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Yaani wawili wanakubaliana wasizae tena, mmoja anachomwa sindano, halafu ndiye anayelaumiwa kwa matokeo yake.

Kitu cha kushangaza ni hiki. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maharusi jozi 169 kwa miaka minne. Waliotosheka na ndoa zao ndio walioongeza uzito zaidi. Maelezo yao ni kwamba mtu akitulia, akijua hatafuti mwingine, huacha kujipima. Mama wa Malakisi anayesoma mashavu ya bintiye hakuhitaji utafiti kumwambia hivyo. Waswahili nao walishasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Anayeelemewa ni yule anayetazama.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja uzinzi, ukatili na kutelekezwa miongoni mwa sababu za talaka. Kilo hazimo. Mwanamume anayesema aliondoka kwa sababu bibi alinenepa anatumia kisingizio ambacho hakina kifungu, na kabla ya kumwamini ingefaa aulizwe kitambi chake kina kilo ngapi.

Maana unene wenyewe si mzaha. Sukari na presha zipo na zinaua, na hazichagui mume au mke. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wamepewa vifaa vya kupimia mambo hayo nyumba kwa nyumba. Wanapobisha mlango, mara nyingi mama ndiye yuko nyumbani, ndiye anayenyoosha mkono. Mzee naye aitwe, popote alipo jioni hiyo, aje anyooshe wake.