Upepo wa Tairi: Namna ya Kuupima kwa Usahihi na Usalama kwa Wasafirishaji wa Busia, Tororo na Malaba

Kinachobeba mzigo barabarani ni upepo ulio ndani ya tairi, si mpira wenyewe. Mpira na nyuzi za chuma kazi yake kubwa ni kuuzuia upepo huo usitoke. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila gurudumu linapozunguka, joto hupanda, nyuzi huchoka na mwishowe tairi hupasuka, mara nyingi gari likiwa limeshiba mzigo na liko mbali na fundi. Kwa mfanyabiashara anayetoa samaki Majanji na Lunyo kwenda sokoni Busia, saa mbili za kungoja tairi kando ya barabara zinatosha kuharibu mzigo. Kwa mwenye lori la saruji ya Tororo au kontena kutoka Mombasa, hasara ni tairi, mafuta na siku za safari. Na wakati mwingine ni maisha ya dereva.

Kazi ya kupima haichukui dakika nyingi. Tatizo ni kwamba wengi hupima wakati usiofaa, kwa kifaa kisichoaminika, wakifuata namba isiyohusika.

Tairi ipimwe ikiwa baridi

Namba zote za upepo zinazotolewa na watengenezaji ni za tairi baridi, yaani gari lililosimama saa tatu au zaidi, au lililotembea kilomita moja au mbili tu kwa mwendo wa pole. Tairi ikitembea hupata joto, upepo ndani hutanuka na geji husoma juu. Hesabu yake si ngumu: kwa gari dogo lenye paundi 32, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupandisha presha kwa paundi 1 hadi 2. Kwa tairi ya lori yenye paundi 100, nyuzi hizo hizo 10 huongeza paundi karibu 4. Lori lililotoka Bungoma likikimbia mchana wa jua kali linaweza kufika Malaba likisoma paundi 12 au 15 zaidi ya ilivyopimwa asubuhi, na tairi isiwe na kosa lolote.

Hapa ndipo madereva wengi huteleza. Dereva akiona presha imepanda hutoa upepo "ili tairi ipumue". Asubuhi tairi ikipoa inakuwa chini ya kiwango, inajikunja zaidi, inapata joto zaidi, na dereva anatoa tena. Tairi iliyo moto isitolewe upepo hata kidogo. Ila tairi iliyo moto ikisoma chini ya kiwango cha baridi, hiyo hakika imepungua na inahitaji kuangaliwa papo hapo.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake, ingawa ni ndogo. Lori lililojazwa Mombasa usawa wa bahari, likipanda Timboroa palipo na mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, geji yake itasoma paundi kama 4 zaidi kwa sababu hewa ya nje imekuwa nyepesi. Likishuka hadi Malaba tofauti hubaki paundi 2 hivi. Baridi ya Timboroa nayo hupunguza kiasi fulani. Kwa lori si jambo la kulitolea upepo.

Namba ipi ifuatwe

Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ya gari dogo ni kikomo cha juu. Kiwango cha gari husika hakiko hapo, bali kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huwa na kibandiko cha Kijapani chenye namba za kilopaskali, na watu wengi hukipuuza kwa kuwa hawajui lugha. Lugha haihitajiki. Kilopaskali 100, ambayo ndiyo bar 1, ni sawa na paundi 14.5. Kwa hiyo 220 ni paundi 32, 240 ni paundi 35 na 300 ni paundi 43 na nusu. Baadhi ya magari ya mizigo huandikwa namba mbili, ya gari tupu na ya gari lililopakia. Anayebeba mizigo afuate ile ya juu, hasa kwa tairi za nyuma.

Kibandiko hicho kinahusu tairi za saizi iliyoandikwa hapo. Probox na magari ya aina yake hutoka kiwandani na tairi za kubebea mizigo, lakini yakishafika huku huvalishwa tairi za magari ya abiria kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Tairi yenye namba ya uzito 82 hubeba kilo 475 tu, tena ikiwa na upepo wake kamili. Nne kwa pamoja ni kilo 1,900. Gari lenyewe likiwa na tani moja hivi, zinabaki kilo 900 kwa dereva, abiria na mzigo wote, na hiyo ni kama uzito umegawanyika sawasawa kwenye magurudumu yote manne. Magunia yakirundikwa nyuma haugawanyiki hivyo. Kuongeza upepo kupita kikomo hakuifanyi tairi hiyo ibebe zaidi.

Kwa malori, ubavuni huandikwa uzito na presha yake, mara mbili: tairi ikitumika peke yake na ikitumika pacha. Tairi ya 315/80R22.5 yenye namba 156/150 hubeba kilo 4,000 ikiwa peke yake na kilo 3,350 ikiwa pacha, kwa presha ya paundi 120 hivi.

Geji na kichwa chake

Geji ya bomba la stesheni huangushwa chini mara nyingi kwa siku na hukanyagwa na magari. Haifai kutegemewa peke yake. Dereva anashauriwa kuwa na geji yake mwenyewe na kuilinganisha mara kwa mara na nyingine anayoiamini. Ikiwa inasoma paundi 3 juu kila siku, angalau kosa lake linajulikana. Geji ndogo ya kalamu ya gari dogo haifiki presha ya lori. Lori linahitaji inayosoma hadi paundi 150 au zaidi, yenye kichwa cha pande mbili ili ifike kwenye valvu ya tairi ya ndani.

Kupima kwenyewe ni hivi. Toa kifuniko cha valvu, futa vumbi, kisha kandamiza geji wima na kwa nguvu. Ikisikika "sss" haijakaa vizuri na namba yake si ya kweli. Pima mara mbili au tatu, na namba zikitofautiana rudia. Baada ya hapo paka maji ya sabuni au mate kwenye valvu: povu likitokea moyo wa valvu unavuja. Kifuniko kirudishwe, kwani ndicho kinachozuia vumbi na mchanga.

Kugonga tairi kwa fimbo au nyundo, ambako matandiboi wengi wamekuzoea, hufaa kugundua tairi iliyokwisha upepo kabisa. Sikio haliwezi kutofautisha paundi 100 na paundi 80, na tofauti hiyo ndiyo inayoua tairi.

Tairi pacha

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Kila tairi inabeba tani mbili na nusu. Tairi ya ndani ikiisha upepo, jirani yake wa nje anabaki na tani tano, wakati kikomo chake akiwa pacha ni kilo 3,350, na hata akihesabiwa peke yake hazizidi 4,000. Gari linaweza kutembea hivyo kwa muda bila dereva kuhisi lolote, kisha ya nje inapasuka na lawama zinaelekezwa kwa aliyeiuza. Tairi ya ndani ndiyo isiyopimwa kwa sababu haionekani na valvu yake ni shida kuifikia. Kirefusho cha valvu ni cha bei ndogo na kinastahili kununuliwa. Tofauti kati ya pacha isizidi paundi 5.

Foleni ya mpakani ni nafasi

Kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na kile cha Malaba vimepunguza muda wa kuvuka, lakini foleni hazijaisha. Januari 2022, wakati wa mvutano kuhusu vipimo vya Uviko-19, malori yalipanga mstari wa makumi ya kilomita upande wa Kenya. Lori lililolala kwenye foleni asubuhi lina tairi baridi kabisa, na dereva ana muda. Hakuna saa nzuri zaidi ya kupima kuliko alfajiri hiyo kabla injini haijawashwa. Tairi iliyopungua paundi 10 kwa usiku mmoja ina msumari au valvu mbovu, na ni heri ijulikane hapo palipo na mafundi kuliko porini usiku.

Usalama wakati wa kujaza

Tairi ya lori yenye paundi 120 ina nguvu ya kurusha rimu na kumuua mtu. Anayejaza asisimame mbele ya ubavu wa tairi wala kuinama juu yake. Atumie mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika kwenye valvu, asimame pembeni upande wa meno ya tairi, na watazamaji waondoke, watoto kwanza. Tairi iliyotolewa na kurudishwa kwenye rimu ijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Rimu za pete ndizo hatari zaidi, kwani pete isipokaa sawa huruka kama panga. Fundi asiye na kizimba anayefanya kazi hiyo kando ya lami anajihatarisha yeye na mteja.

Tairi iliyotembea ikiwa na asilimia 80 au chini ya presha yake isiongezwe upepo tu na kuendelea na safari. Inapaswa itolewe upepo wote, ivuliwe na ikaguliwe ndani, kwa kuwa nyuzi za ubavu huenda zimekatika bila kuonekana nje na tairi ikachanika ghafla inapojazwa. Kwa tairi ya paundi 110, mpaka huo ni paundi 88. Vilevile rimu isichomelewe wala kupashwa moto tairi ikiwa bado imevaa, hata kama imetolewa upepo.

Kompresa nayo itolewe maji kila siku. Hewa ya karibu na ziwa ina unyevu mwingi, maji hukusanyika chini ya tangi, huingia kwenye tairi na kulisha kutu rimu.

Kwa wanaokodi magari, mara nyingi mwenye gari humwachia dereva, dereva humwachia tandiboi, na mwenye mzigo hajui kinachoendelea. Mwenye mzigo ana haki ya kuomba tairi zipimwe mbele yake kabla ya kupakia, kwa sababu gari likishapakiwa hakuna atakayekubali kushusha. Aombe pia ipimwe tairi ya akiba. Hiyo hukaa miezi chini ya gari bila kuguswa, hupoteza upepo kidogo kidogo, na siku ya kuhitajika hukutwa nayo imelala.