Fahamu jinsi bakteria anavyonusurika chumvi ya maji inapopungua ghafla

MVUA zinapoujaza Mto Songwe, maji yake hupita Galula, mkoani Songwe, na kumwagika katika Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka na maji yake yana magadi. Kwa mvuvi, hayo ni mafuriko ya kawaida. Kwa bakteria aliyezoea maji ya chumvi, kupungua ghafla kwa chumvi hiyo ni hatari ya kufa.

Maji hupenya utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Nje chumvi ikipungua, maji huingia ndani kwa kasi, seli huvimba na huweza kupasuka. Kinachoiokoa ni mifereji ya ayoni, yaani protini zilizopachikwa katika utando ambazo hupitisha chembe zenye chaji ya umeme, kama vile za potasiamu.

Bakteria hana ubongo wala neva. Utando wenyewe ndio hutoa amri. Ukivutwa, huivuta protini, nguzo zake huinama na kutanuka, na tundu lililozibwa hufunguka. Chumvi hutoka, mkazo hupungua na tundu hujifunga.

Katika bakteria Escherichia coli, mfereji uitwao MscS hufunguka mapema. MscL, ulio mpana zaidi, husubiri hadi utando ukaribie kupasuka. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uingereza, walionyesha kuwa bakteria walioondolewa mifereji yote miwili hufa chumvi inapopungua ghafla.

Si mifereji yote inayosubiri mkazo. KcsA, wa bakteria wa udongoni Streptomyces lividans, hufunguliwa na asidi ndani ya seli. Umbo lake lilibainishwa mwaka 1998 na Roderick MacKinnon wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 1998, kundi la Douglas Rees, pia la Marekani, lilibainisha umbo la MscL wa bakteria wa kifua kikuu: vipande vitano vinavyofanana, vimezunguka tundu moja.

Elimu hiyo inaigusa Tanzania, ambako mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 ulienea mikoani. Vibrio cholerae, bakteria wa ugonjwa huo, hutoka katika utumbo wenye chumvi na kuingia katika maji ya mto au kisima, naye ana mifereji ya aina hiyo. Watafiti wanachunguza dawa za kuilazimisha mifereji ibaki wazi, ili bakteria avuje hadi afe.

Hadi dawa hizo zipatikane, kinga ni ileile: kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni na kuchemsha maji ya kunywa. Mifereji hiyo humwokoa bakteria katika maji ya mto. Katika maji yanayochemka haimsaidii.