Bodaboda Wao, Bodaboda Wangu

Mji wa Busia umekatwa na mpaka. Huku Kenya, kule Uganda, na kati ya vituo viwili vya forodha kuna kipande cha barabara ambacho zamani msafiri aliyeshushwa na basi ilimbidi akitembee kwa miguu, mizigo kichwani. Miaka ya 1960 vijana wa pale waliona riziki katika kipande hicho. Walifunga kiti chenye kigodoro nyuma ya baiskeli, wakawaita wasafiri kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilitamka kwa ulimi wa nyumbani na kulirudia: boda, boda! Mpaka huu hadi mpaka ule. Leo neno hilo linatajwa Mtwara na Kigoma na watu ambao Busia hawajawahi kuiona.

Jina baya nalo lilizaliwa mpakani. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin alilipwa kidogo, akaona afadhali aivushe kahawa yake gizani hadi Kenya, ambako soko la Chepkube, Bungoma, liligeuka mgodi. Magunia yalipita kwa vichwa vya watu, kwa punda na kwa baiskeli. Waliotajirika walikuwa wenye maghala na malori. Aliyebaki na sifa ya mtu wa magendo, mjanja wa njia za panya, ni yule mwenye baiskeli, kwa sababu ndiye aliyeonekana njiani. Bodaboda alisingiziwa na kushukiwa kabla hajawa na injini.

Pikipiki yenyewe ilianza na heshima kubwa. Katika vijiji vya Tanzania vya utoto wetu, mtu wa pikipiki alikuwa padri, bwana shamba, au mratibu wa elimu. Chombo kilikuja na mradi, kikafungiwa stoo usiku, na watoto walikimbia nyuma ya vumbi lake wakipunga mikono. Hakuna aliyesema wenye pikipiki ni wahuni. Ninakumbusha hili kwa sababu magurudumu ni yaleyale mawili, na mlio ni uleule uliokipa chombo jina lake la Kiswahili. Kilichobadilika ni nani amekaa juu yake na anadaiwa nini jioni.

Mabadiliko yaliletwa kwanza na injini. Miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyoundwa kwa kufikiria nchi ambako mafuta ya injini huchelewa kubadilishwa na fundi hufanya kazi chini ya mwembe. Badala ya mnyororo wa ndani wa kuendesha vali, waliweka vijiti vya kusukuma: vipuri vichache, maisha marefu. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo, na miaka ya 2000 barabara zetu zikajaa SanLG, Fekon, T-Better na Toyo. Arusha, toyo likawa jina la pikipiki yoyote ile. Baadaye Wahindi wakaja na Boxer na TVS, na vijiwe vingi vikahamia huko.

Kisha serikali. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki zenye injini chini ya cc 250. Tanzania, ambako kubeba abiria kwa pikipiki kulifanyika muda mrefu bila leseni ya biashara, ilitoa kanuni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Biashara ya kujificha ikawa kazi inayotambuliwa.

Lakini injini na sheria peke yake hazitengenezi jeshi la vijana barabarani. Vijana walikuwepo tayari. Viwanda na mashirika ya umma yaliyopunguza wafanyakazi miaka ya 1990 hayakuwaita tena, na watoto wa waliopunguzwa walimaliza shule bila mlango wa kugonga. Wakati huohuo miji ilitambaa. Watu walijenga Goba, Kivule na Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kabla barabara hazijafika, na daladala huishia pale lami inapoishia. Kati ya lami na mlango wa nyumba kulibaki kilomita mbili tatu za mchanga na makorongo. Ni kile kipande cha Busia kimejirudia, safari hii katika kila mtaa.

Anayetaka kumwelewa dereva wa bodaboda aanze na neno moja: hesabu. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kuna tajiri aliyeinunua, na kila jioni anasubiri hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Penye mkataba, kijana akipeleka hesabu kwa mwaka mmoja au zaidi, pikipiki inakuwa yake. Tuchukue shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kisicho kigeni Dar es Salaam. Kwa siku 6 za wiki, mwaka unampa tajiri zaidi ya milioni 3. Dereva huanza kula baada ya hapo, baada ya petroli, na baada ya trafiki. Faini ya kosa moja ilikuwa shilingi 30,000, yaani hesabu ya siku 3, hadi bajeti ya mwaka 2021 ilipoishusha kuwa 10,000 kwa bodaboda na bajaji.

Sasa tazama tabia tunazozilaani. Kuchomekea kati ya magari, kupita taa nyekundu, kubeba mshikaki wa watu watatu na mtoto, kuendesha saa kumi na sita bila kulala. Sisemi ni sawa. Madaktari wa mifupa Muhimbili wamekuwa wakipiga kelele kwa miaka, na kila mmoja wetu ana ndugu aliyetembelea magongo. Ila abiria, ambaye dereva humwita kichwa, huhesabiwa kwa idadi, na mwenye haraka ya kufikisha vichwa vyake kabla ya jioni hawezi kuendesha kama bwana shamba. Tumemlaumu kijana kwa mwendo ambao tajiri ameuandika kwenye mkataba.

Tuhuma nzito kuliko zote ni ya wanafunzi: kwamba bodaboda ndio wanaowapa mimba, kwa lifti na chipsi. Imesemwa bungeni na makanisani, na kweli wapo waliofanya hivyo na wakastahili jela. Sheria ya elimu ya Tanzania iliyorekebishwa mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30. Lakini shule za kata nazo ziliota kwa kasi katika miaka ileile bodaboda walipoongezeka. Zilijengwa mbali na nyumba, nyingi bila mabweni. Binti wa miaka 14 alipewa kilomita nane za kutembea alfajiri, na mtu mwenye usafiri alikuwa mmoja tu. Ukimfunga huyo mmoja na kuziacha hizo kilomita nane palepale, kesho atakuja mwingine.

Wanaitwa pia wezi. Ni neno chungu kwao, maana wao ndio wanaowindwa. Mteja wa saa nne usiku anayetaka kupelekwa mbali, penye giza, anaweza kuwa mtu wa mwisho dereva kumwona. Wengi wameuawa hivyo kwa ajili ya pikipiki ambayo hata haikuwa yao.

Upo upande ambao sitautetea. Machi 2022, kwenye barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimzingira mwanamke ndani ya gari lake na kumdhalilisha mchana kweupe. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza waendesha bodaboda wote wasajiliwe upya, na polisi wakaingia mitaani kukamata pikipiki. Wahalifu wa siku ile walikuwa kundi moja, adhabu ikawaangukia hata waliokuwa Kitale. Hata hivyo vijiwe vina la kujibu: mshikamano unaowafanya wamkimbilie mwenzao aliyegongwa ndio huohuo unaogeuka genge dakika mbili baadaye.

Kigali wamejaribu njia nyingine. Dereva ana namba kwenye koti, abiria naye huvaa helmeti, na ushirika ulikuwa mlango wa kuingilia kazini. Mgeni husifu utulivu ule. Lakini Januari 2022 madereva haohao waligoma wakilalamikia mita za nauli na gharama za bima, kwa hiyo tusidhani unyamavu wa barabara ni kuridhika.

Jambo linalonigusa zaidi halimo katika sheria wala takwimu. Kila Mtanzania ninayemjua anawalaani bodaboda, na kila mmoja ana bodaboda wake. Bodaboda wao ni wahuni. Bodaboda wangu humpeleka mtoto chekechea, hupokea mzigo stendi, hutumwa dawa akapewa noti ya 10,000 na kurudisha chenji kamili. Namba yake imo kwenye simu kwa jina la kazi: Boda Kona, Boda Msikitini.

Mimi nilikuwa na Boda Usiku. Mama alipobanwa na kifua saa nane za usiku, alikuja ndani ya dakika kumi, koti la baridi amelivaa kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani kuzuia upepo, kama wafanyavyo wote. Alimpakia mama katikati, mimi nyuma nikimshika, tukaenda polepole mno, akikwepa kila shimo. Kwa sheria ule ulikuwa mshikaki. Hospitalini alikaa kwenye benchi hadi kulipokucha, kisha akaondoka kutafuta hesabu.

Miaka miwili baadaye lori lilimgonga. Kijiwe chake, kilicho chini ya mwarobaini karibu na duka la nafaka, kina mwenyekiti, katibu na daftari la michango. Siku ya maziko pikipiki zilitangulia gari la maiti na nyingine zikalifuata, matawi mabichi yamefungwa kwenye usukani, honi zikilia hadi makaburini, na wenye magari waliokwama njiani walifyonza. Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki tano. Pikipiki ilikuwa imesagika, lakini hesabu ilidaiwa. Wenzake wakachanga wakailipa, ili mjane asifuatwe na mtu.

Hapo makaburini katibu wa kijiwe alisimama akasoma wasifu wa marehemu, na ndipo nilipolisikia jina lake kamili kwa mara ya kwanza.