Mgeuko wa fuwele za dawa
Mgeuko wa fuwele za dawa ni badiliko la mpangilio wa molekuli ndani ya fuwele, linaloweza kutokea unga wa dawa unapolowanishwa ili kupata chembechembe za kushindilia vidonge, kisha ukakaushwa. Karbamazepini, dawa ya kifafa, ikilowana hunasa maji na kuota fuwele nyembamba kama sindano. Ikikaushwa, aina inayobaki hutegemea joto na unyevu. Fuwele zenye maji huyeyuka polepole zaidi, hivyo kidonge chenye miligramu 200 kamili huenda kisizuie degedege: hatari kubwa kwa mgonjwa. Jijini Dar es Salaam, ambako kiwanda cha dawa cha Keko kipo wilayani Temeke, unyevu wa pwani huongeza ugumu wa ukaushaji. Aina ya fuwele hutambuliwa kwa eksirei.