Blokicheni: Daftari si Sarafu

Blokicheni ni daftari linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, bila msimamizi mmoja. Kila ukurasa umefungamanishwa na uliotangulia, hivyo anayebadilisha tarakimu ya zamani hugundulika.

Msingi wake ni programu huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Miongoni mwa waliouimarisha ni Hal Finney, mhandisi wa programu wa Marekani aliyefariki mwaka 2014. Januari 2009 alikuwa wa kwanza kupokea malipo ya Bitcoin, 10 kwa jumla, kutoka kwa mwanzilishi anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto. Siku hizo alikuwa akimripotia hitilafu za programu, naye akizirekebisha.

Kwa wafanyabiashara wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, daftari na sarafu ni mambo mawili. Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu za kidijitali Septemba 2019, baada ya baadhi ya wananchi kuomba serikali iwasaidie kupata fedha walizopoteza. Mteja wa Uvira akitaka kulipia shehena kwa Bitcoin, muuzaji wa Kinama akikubali anabeba hasara peke yake.

Daftari lenyewe lina matumizi mengine. Kuanzia mwaka 2020, TradeMark East Africa na IOTA Foundation zilishirikiana kutumia programu huria kubadilishana hati za mizigo inayotoka Kenya.

Hata hivyo, daftari halihesabu mzigo. Magunia 180 yakiandikwa 200, kosa hilo nalo litahifadhiwa. Ukaguzi wa lori unabaki palepale.