Pembe iliyotoka Napa ikafika Umoja

"Kunguni, panya, mende, viroboto!" Mkazi wa Umoja, Kayole au Pipeline jijini Nairobi anaweza kumalizia tangazo hilo akiwa usingizini. Mwuza dawa mwenyewe hafungui kinywa. Sauti imerekodiwa, inajirudia kwenye kipaza sauti cha betri alichokining'iniza begani, na akishalimaliza ghorofa moja anaihamishia kwenye jingine.

Desemba 2025 kipaza sauti kilitimiza miaka 110 tangu kisikike hadharani. Hakuna aliyekikatia keki, pengine kwa sababu wanaokifahamu vyema ni wale waliokesha nacho.

Waliokileta duniani hawakuwa na nia ya kumkosesha mtu usingizi. Peter Jensen, fundi kutoka Denmark, na mwenzake Mmarekani Edwin Pridham walikuwa na karakana katika nyumba ndogo mjini Napa, California. Walitaka kutengeneza kisikilizio bora cha simu, lakini wakubwa wa biashara ya simu hawakukichangamkia. Katika kumbukumbu zake, Jensen anasimulia kwamba aliyewafungua macho ni mhunzi, jamaa wa mmoja wa washirika wao: kwa nini wasikifunge pembe ya gramafoni, kikatumika kutangazia mechi za besiboli?

Wakaunganisha pembe, maikrofoni na betri ya volti 12. Nyumba nzima ikapiga yowe. Maikrofoni ilikuwa ikinasa sauti ya pembe na kuirudisha kwenye pembe ileile, mzunguko uleule unaowafanya waumini wazibe masikio hadi leo mhubiri anapoisogeza maiki karibu na spika. Wavumbuzi hao walifurahi kupita kiasi. Pembe ikapandishwa juu ya paa, mmoja akabaki ndani akizungumza, wa pili akashika njia ya mashambani. Alitembea yapata maili moja na bado alimsikia mwenzake kana kwamba yuko kando yake.

Jensen anaisimulia siku hiyo kwa fahari, na ana haki. Wenye nyumba zilizokuwa katikati ya maili hiyo hawamo kabisa katika simulizi lake.

Mkesha wa Krismasi wa 1915, umati uliokadiriwa kufika watu 100,000 ulisikiliza muziki na hotuba kupitia pembe hizo nje ya ukumbi wa jiji la San Francisco. Kampuni waliyoiunda ikaitwa Magnavox, yaani sauti kuu kwa Kilatini. Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson alihutubia watu wapatao 50,000 uwanjani San Diego akiwa ndani ya kibanda cha vioo, pembe zikiwa juu ya kichwa chake. Kuanzia hapo mwanasiasa hakuhitaji tena kifua cha chuma.

Nchini Kenya kifaa hicho kilisikika kwenye magari ya sinema ya serikali ya kikoloni, yaliyozunguka vijijini na filamu za mafunzo na propaganda. Baadaye kikaingia kwenye kampeni, misikiti, makanisa, matatu na baa.

Aliyetaka kulala alikumbukwa kwa ukamilifu mwaka 2009, kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele zilipotoka. Zinawataja wachuuzi, wapiga debe na wahubiri wa barabarani. Nje ya nyumba za makazi, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kisheria huanza saa 2:01. Ni kiwango kikali mno: watu wawili wakizungumza kawaida hufikia takribani desibeli 60. Kanuni inayoweza kumshika kila mtu huishia kumngoja mlalamikaji, na mlalamikaji wa mtaani hukutana na jirani yake kesho yake dukani.

Wakati mwingine mkono umekuwa mzito. Mwanzoni mwa 2018, Rwanda ilifunga mamia ya makanisa jijini Kigali, kelele na ubovu wa majengo vikiwa miongoni mwa sababu, na misikiti ya Nyarugenge ikazuiwa kutumia vipaza sauti kwa adhana. Nairobi, Novemba 2022, Gavana Johnson Sakaja aliagiza leseni za klabu za usiku zilizo katika maeneo ya makazi zifutwe. Wenye klabu walilia kuhusu ajira, wakazi wakashangilia, kesi zikafuata.

Ila klabu ni sehemu tu ya ugomvi. Jumamosi usiku, ghorofa moja linaweza kuwa na baa chini, kesha la maombi kwenye hema la upande wa pili na matatu inayojaribu spika mpya stejini. Besi haijali ukuta. Dirisha likifungwa, vioo ndivyo vinavyotetemeka. Saa 12 asubuhi usiku wa kisheria unakwisha, kiwango kinapanda hadi desibeli 50, na pale langoni mtu wa kunguni anabonyeza kitufe.