Soksi za shaba na mguu wa bibi

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Bungu kumsalimia bibi. Kwa wasiopajua, Bungu iko kwenye barabara ya Dar kwenda Kilwa, kabla hujafika Kibiti, pale ambapo anayekwenda Mafia huacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Nyamisati akapande boti.

Kisa changu kilianzia kwenye basi. Alipanda kijana mmoja na begi lake, akaanza kunadi soksi. Si soksi za kawaida, alisema. Zimefumwa kwa nyuzi za shaba, zinaua vijidudu vyote vya miguuni: fangasi, harufu, mpaka matende. Jozi moja elfu kumi. Abiria wakacheka, nami nikacheka. Aliposema matende nikaacha kucheka, maana bibi yangu ana mguu wa matende tangu mimi sijazaliwa. Nikatoa hela.

Baadaye ile tabia ya uandishi ikanirudia: je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Nikaanza kuchimba, na niliyokutana nayo ni historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza, kijana hakudanganya kuhusu shaba yenyewe. Wazee wetu waliijua bila maabara: mrututu, ule unga wa bluu uliokuwa ukiuzwa madukani na kupakwa kwenye vidonda, ni chumvi ya shaba. Mwaka 1885 Mfaransa Pierre Millardet alitangaza kuwa mrututu uliochanganywa na chokaa unazuia ukungu kwenye mizabibu, na dawa za shaba zikaenea mashambani duniani, mpaka kwenye kahawa ya Kilimanjaro. Mwaka 1893 likachapishwa andiko la Mswisi Carl Nägeli, aliyeonyesha kuwa shaba kidogo mno ndani ya maji inatosha kuua viumbe vidogo. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaruhusu wauzaji wa aloi za shaba kutangaza kwamba zinaua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria wa aina kadhaa ndani ya saa 2. Lakini angalia hapo: ni vitasa, meza na vyuma vinavyosafishwa mara kwa mara. Si soksi iliyolowa jasho.

Soksi nazo zina kisa chao. Mwaka 2010 wachimbaji 33 wa Chile walifukiwa mgodini siku 69, kwenye joto na unyevu, na fangasi wa miguu wakawaandama. Miongoni mwa vitu walivyoteremshiwa ni soksi zenye shaba, na dunia nzima ikasikia. Ila tafiti za soksi hizo ni chache na ndogo. Kwa fangasi wa vidoleni huenda zikasaidia. Kwa matende ni hadithi nyingine kabisa, na hapa ndipo historia yetu inapoingia.

Shaba tunaijua siku nyingi. Karne ya 19 Wanyamwezi waliifuata Katanga, na mmoja wao, Msiri, akajenga ufalme wake huko Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Mobutu alipobadili majina mwaka 1971, jimbo hilo aliliita kwa neno letu hili hili, Shaba, jina lililodumu mpaka 1997. Sasa jiulize, mizigo ya misafara ile ilisafirije? Kwa vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao wakitembea peku.

Na miguu hiyo hiyo ilibeba kitu kingine. Mwaka 1872 funza aliletwa Angola na meli kutoka Brazili. Akavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari, na mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa ameshafika Zanzibar. Kidonda cha funza ni mlango wa vijidudu. Waliobeba utajiri wa watu ndio waliokosa hata kiatu.

Matende nayo yana siri yake. Mwaka 1877, akiwa Amoy huko China, daktari Mskoti Patrick Manson aligundua kuwa vimelea vya matende vinaingia ndani ya mbu. Kwa hiyo ugonjwa hauanzii unyayoni, unaanzia kwenye kuumwa na mbu. Minyoo huharibu mishipa inayorudisha maji ya mwili, na mguu unavimba. Lakini kinachomtesa mgonjwa miaka yote si minyoo peke yake. Ni bakteria wanaopenya kwenye mipasuko katikati ya vidole. Kila wanapopenya huja homa, mtoki na maumivu, na kila homa ikipita mguu umeongezeka.

Miaka ya 1990 daktari Gerusa Dreyer wa Recife, Brazili, aliwaonyesha wagonjwa wake dawa ya jambo hilo: sabuni, maji safi, kukausha vizuri katikati ya vidole, kuinua mguu, kuvaa viatu visivyobana. Homa zikapungua. Na mwaka 2000 Tanzania ilianza kugawa kingatiba bure, ivermectin na albendazole, kuzuia maambukizi mapya. Ilianzia wapi? Mafia, kisiwa kile kile unachokatia njia hapo Bungu! Aliyeongoza mpango huo wa taifa ni Dk. Mwele Malecela, ambaye mwaka 2018 alikwenda kuongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 2022. Mungu amrehemu.

Basi nikafika kwa bibi, nikamwamkia, nikamkabidhi zawadi yangu. Akaigeuza geuza, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mume wangu, mguu wenyewe utaingia humu?"

Haukuingia. Na hata ungeingia, mpira wa soksi ungeubana na jasho lingebaki ndani, yaani kinyume cha anachohitaji.

Jioni nikamwona akitoa beseni, kipande cha sabuni na kitambaa kikuukuu. Alikausha kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesali. Aliniambia homa haijamlaza siku nyingi. Nikamuuliza sabuni anapata wapi. "Ikiwepo naoga nayo, isipokuwepo nachota maji tu."

Wadau, hapo ndipo elfu kumi yangu iliponiuma. Ingenunua sabuni za kumtosha miezi kadhaa. Shaba inaua vijidudu, hilo ni kweli. Lakini mguu wa bibi unalindwa na beseni lile, nami nilipita madukani yote njiani bila kukumbuka kununua sabuni.

Soksi nimebaki nazo mimi. Sabuni nimeshatuma. Naomba kuwasilisha.